Uvungu wa Nyumba ya Bovell

Kitty, Georgetown
14 Mei

Wavey mke wangu,

Nimepata cheo. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho ndipo ucheke vizuri. Mimi Compton Bovell, niliyemalizia ujana bandarini nikihesabu magunia ya mchele wa watu wengine, sasa ni Katibu wa Kamati ya Mitaro ya mtaa wetu. Nilichaguliwa bila kupingwa, kwa sababu kati ya wote waliohudhuria ni mimi peke yangu niliyekuwa na kalamu.

Kisa chenyewe ni bahari. Ulipoondoka ilikuwa bado na adabu. Ikipwa, Sukhdeo mlinzi wa koka anainua lile lango la mtaro, maji yanatoka kwenda baharini. Ikijaa, analishusha, bahari inabaki kwake na sisi kwetu. Sasa imekuwa kama mgeni asiyejua kuaga: inachelewa kuondoka na inawahi kurudi. Sukhdeo anasema siku nyingine hajafuta jasho la kuinua lango, inambidi aanze kulishusha. Bamvua likikutana na mvua ndiyo basi tena. Lango limefungwa, mbingu zimefunguka, na mtaro unapanda uwanjani kama mtu wa nyumbani.

Wametuletea injinia, binti mdogo mwenye kofia ya njano na sauti ya mwalimu wa shule ya Jumapili. Anasema tutapewa pampu ya kuyasukuma maji baharini hata lango likiwa chini. Lakini pampu haivuti maji yasiyoifikia. Zamani, anasema, mtaa huu wote ulisimama juu ya nguzo, na maji yalipita uvunguni mwa nyumba yakaelekea mtaroni. Halafu watu wakaanza kuziba uvungu kwa matofali: huyu duka, yule gereji, mwingine mpangaji. Sasa maji yanagonga ukuta na kurudi kwa jirani. Kwa hiyo kila mwenye nyumba atie saini kwamba atabomoa alichojenga na kuacha uvungu wazi. Mwisho ni siku ya mwisho ya Novemba. Nyumba moja ikikosekana, pampu inakwenda mtaa mwingine.

Dhanraj alikataa palepale. Unamjua, uvungu wake wote ni saluni. "Nibomoe saluni ili maji yapite?" akasema. "Yana haraka gani, kwani yenyewe hayataki kunyolewa?" Watu wakacheka, na mimi kama Katibu nikaandika kwamba hoja imepokelewa.

Nyumba yetu usiihofie. Imesimama kwa miguu yake kama ulivyoiacha, na bembea yako ya wavu bado inaning'inia uvunguni, kati ya nguzo mbili za mbele. Mimi nalala juu, chumbani kwetu, dirisha wazi, naona mnara wa taa.

Simu yangu iliingia mtaroni, kwa hiyo Jumapili tutaendelea kutumia ya jirani yetu Ismay. Lakini pale siwezi kusema kitu. Ismay anasimama mlangoni kwa upande huu, na binti yetu Oslyn anasikiliza kwa upande wa pili, huko kwenu. Simu ni ya kuulizana afya. Mengine tuandikiane.

Ulisema Krismasi utakuja. Sikulaumu, kila mwaka unasema utakuja, na kila mwaka linakuja pipa la zawadi kwa meli. Nikifungua kifuniko, juu kabisa kuna barua yako inayoeleza kwa nini mwaka huu haikuwezekana. Si kwamba nalidharau pipa. Sabuni ilikuwa nzuri, samaki wa kopo pia. Lakini pipa huliongeleshi likakujibu.

Mumeo,
Compton

*

Brooklyn
11 Juni

Bovell,

Katibu! Mungu auhurumie mtaro.

Barua yako nimeletewa na yule mama wa kanisani aliyekuja huko kumzika kaka yake. Ilikuwa inanuka samaki wa chumvi. Niliisoma mara ya pili kwa ajili ya harufu tu.

Sisi hatujambo. Binti yako Oslyn anafanya kazi mchana, anasoma jioni, na katikati anagombana na watu kwenye simu. Mjukuu wako Kezia ameanza shule, na kazi yake nyumbani ni kunisahihisha. "Bibi, hapa hatusemi hivyo." Nilikuja kumlea kwa miezi mitatu, Bovell. Sasa yeye ndiye ananivusha barabara.

Chumba changu ni kizuri. Kiko juu, dirisha linatazama mti. Kuna kindi anayenichungulia asubuhi kama mwenye nyumba aliyefuata kodi.

Watu wa hapa hawasalimiani. Mwaka wa kwanza nilijaribu, wakadhani nauza kitu. Kwa hiyo nawajua kwa viatu. Kuna vyekundu vya kisigino ambavyo kila asubuhi vimechelewa. Kuna raba za mtoto zinazowaka taa. Kuna buti nyeusi za mzee mmoja anayeburuta mguu wa kushoto. Jumatatu moja hazikupita, nikakosa raha kutwa nzima, wala sikuweza kumuulizia kwa mtu, kwa kuwa jina lake silijui. Jumanne zikapita. Nilifurahi hadi nikapika wali wa maharagwe na nazi wa watu wanane, tukaula wiki nzima.

Krismasi nakuja. Usitabasamu upande mmoja hivyo, nakuona. Fungua madirisha ya juu, toa vumbi ukumbini, anika godoro. Nataka kulala kitandani kwangu, upepo wa bahari uingie bila kubisha.

Ismay wa uwanja wa nyuma hajambo? Kwake hakujai maji siku hizi?

Wako,
Waveney

*

Kitty
20 Julai

Wavey,

Mvua imeshuka kama iliyotumwa.

Ismay anakusalimu. Uwanja wake, kwa kuwa umeuliza, umejaa na haukauki. Kwetu maji yameondoka, kwa Dhanraj yameondoka, kwake yamekaa kama yaliyopangisha. Kuku wamehamia juu ya paa la jiko. Bata ndio pekee waliofurahi. Injinia alikuja, akatazama kwa Ismay, akatazama kwetu, akaandika kitu. Sikumuuliza alichoandika.

Mkutano tulifanyia kwa Dhanraj, maana ndiko kwenye viti. Nilisoma majina ya waliosaini na wasiosaini. Dhanraj alikuwa amekalia kile kiti chake cha kunyolea, anajizungusha taratibu.

"Anko Comp," akaniambia mbele ya watu, "jina langu umelisoma mara tatu leo. Lako mwenyewe umelisoma?"

"Katibu anasoma majina ya wanachama," nikamwambia.

"Na Katibu analala wapi?"

"Kwake."

"Kwake juu au kwake chini?"

Watu wakacheka tena. Mtaa huu unacheka kwa chochote. Ismay peke yake hakucheka. Alikuwa anakamua maji kwenye pindo la sketi. Nikafunga mkutano kwa sala, jambo ambalo hakuna anayeweza kulipinga.

Vyura wameongezeka. Juzi asubuhi nilifumbua macho nikakuta mmoja amekaa kwenye kizingiti cha dirisha, pua kwa pua na mimi, ananitazama kama daktari asiyetaka kusema ukweli.

Kuna jambo linanisumbua, labda ni uzee. Mtu akiwa ghorofani huona vichwa: kofia, upara, vilemba. Wewe umeniandikia ukurasa mzima wa viatu.

Mumeo,
Compton, Katibu

*

Brooklyn
18 Agosti

Bovell,

Mimi ni mtu wa kuinamisha kichwa, ndiyo maana naona viatu.

Na wewe nieleze. Huyo chura wako alipandaje ngazi zote zile mpaka dirisha la chumba chetu? Alishika reli?

Oslyn akisema tuonane kwenye simu, wewe unasema kioo cha simu ya Ismay kimepasuka. Nikiambiwa nikuonyeshe chumba changu, mimi nasema taa imeungua. Haya, kila mmoja na giza lake.

Nimeanza kujaza pipa. Liko hapa pembeni ya kitanda, limefika zaidi ya nusu. Nimeweka mapazia ya ukumbini, ya njano. Usimruhusu mtu ayatundike. Nitayatundika mwenyewe nikifika.

Joto la hapa linakaa, haliendi popote. Buti nyeusi zimepakwa rangi wiki hii, zinang'aa. Sijui anakwenda wapi.

Waveney

*

Kitty
12 Septemba

Wavey,

Andika upesi, na uandike kweli.

Ismay alikuja mbio na simu, Oslyn yuko ndani yake anasema, "Baba, usihangaike, Mama yuko salama, amehamia sebuleni kwa muda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya maji, Baba. Kulikuwa na dhoruba."

"Na sebule ni kavu?"

"Kavu kabisa."

Halafu akasema kuna mtu mlangoni, akakata.

Nimekaa na maneno hayo tangu siku ile. Nimeishi na maji tangu nizaliwe, na sijawahi kuona maji yanamtoa wa ghorofani na kumwacha wa sebuleni akiwa mkavu. Maji hupanda, hayashuki kutoka darini yakaruka watu.

Ulikuwa unaona viatu, Wavey. Uko wapi?

Compton

*

Brooklyn
3 Oktoba

Bovell,

Nalala chini ya ardhi.

Siyo chini ya nyumba kama kwetu. Chini ya ardhi yenyewe, kwenye chumba wanachoweka mashine ya kupasha nyumba joto na vitu wasivyovitaka. Ni tangu mwaka wa pili. Oslyn amepangisha juu ili mkopo wa nyumba ulipike. Usimkasirikie, nilijitolea mwenyewe. Nilimwambia, mimi mtu wa Georgetown, nimezaliwa chini ya usawa wa bahari, chumba hiki kitanishinda nini? Tulicheka sana siku hiyo. Dirisha langu liko usawa wa barabara, ukubwa wake kama trei ya mkate. Mti upo, sikukudanganya. Naona mizizi yake.

Jioni ile nilikuwa napiga pasi. Maji yalianzia kwenye tundu la sakafuni, taratibu, kama yanaomba radhi. Halafu yakaja ya ngazi za nje. Nikausukuma mlango, haukwenda. Maji yalikuwa yameuegemea kwa upande wa pili. Maisha yangu yote na maji, Bovell, na sikuwahi kujua kwamba yana uzito wa kumfungia mtu ndani. Kwetu maji yanakuta nguzo, yanapita. Haya hayakuwa na pa kupita, kwa hiyo yakapanda.

Nilipanda juu ya pipa. Nilisimama juu ya zawadi zako zote, nikagonga dari kwa mpini wa ufagio, nikamwita Oslyn kwa majina yake yote ya ubatizo. Hakuwepo. Aliyesikia ni mpangaji wa juu, kijana ambaye hatujawahi kusalimiana. Alivunja mlango kwa chuma cha kufungulia tairi. Miguuni alikuwa na soksi tu, bila viatu. Ndiyo maana sikumtambua.

Mzee wa buti nyeusi alikuwa akiishi chumba kama changu, nyumba ya tatu kutoka hapa. Yeye hakuna aliyemsikia. Jina lake nimelijua mazishini: Anselm Prescod, mtu wa Barbados. Miaka yote hiyo ningeweza kumsimamisha tukaongea kwa lugha tunayoielewa, nikamuuliza habari ya mguu. Tulikuwa watu wachache kanisani. Buti walimvika, zimepakwa rangi.

Sasa niseme na lako, kwa kuwa wewe hutalisema. Ismay aliniambia tangu mwaka juzi. Magoti yalikataa ngazi, ukawaita mafundi wa Dhanraj, ukaziba uvungu kwa matofali, ukateremsha kitanda. Bembea yangu uliitoa. Nilinyamaza kwa sababu na mimi nilikuwa na changu cha kunyamazia. Nilipenda hata barua zako za mnara wa taa, nikijua huuoni. Lakini sasa nimejua maji yasiyo na pa kupita yanafanya nini. Ni ukuta wako unaoyarudisha kwa Ismay. Injinia aliliandika hilo mwezi wa saba, nawe ulimwona akiandika.

Vunja, Katibu.

Waveney

*

Kitty
25 Oktoba

Wavey,

Barua yako nimeisoma kitandani, miguu ikiwa sakafuni, na sakafu yenyewe ina unyevu. Kwa hiyo sina la kukanusha.

Namfikiria huyo Prescod. Nilimzoea. Nilikuwa nikifungua barua zako natafuta kwanza kama amepita.

Dhanraj amesaini. Ndiyo, Dhanraj. Anasema biashara ilikufa tangu wateja waanze kuingia na viatu mkononi. Wote wamesaini. Limebaki jina moja, na kwa heshima ya umri wangu mkutanoni wanaliita "lile jina moja". Mimi ndiye ninayeliandika kwenye kumbukumbu: lile jina moja bado.

Injinia alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kitanda changu.

"Mzee Bovell," akasema, "nguzo zako ni nzima kuliko za mtaa wote."

"Asante, binti. Laiti ungesema hivyo kuhusu magoti."

"Tunaweza kukutafutia chumba kwenye nyumba ya wazee. Cha chini, kikavu, wanapika vizuri."

"Nitafikiri," nikamwambia. Sikufikiri.

Siyo magoti peke yake. Nikivunja ukuta itabidi nipande, na nikipanda sishuki tena. Na huko juu kila kitu kiko kama ulivyokiacha. Kofia yako ya kanisani iko kwenye msumari. Upande wako wa kitanda una bonde. Nilipoteremka huku chini sikukuta chochote chako, ndiyo maana nikapata usingizi. Juu ni pana mno kwa mtu mmoja, Wavey. Mtu anakohoa na sauti inakwenda ukumbini, inazunguka, inarudi kuuliza nani mwingine yupo.

Basi tufanye hivi. Sema unakuja. Useme kweli, siyo kwa pipa. Siku nikipata neno hilo nasaini, na ukuta unavunjwa kabla jua halijazama. Mtaa utapata pampu yake, Ismay atapata uwanja wake, na mimi nitakuwa na sababu ya kupanda.

Mumeo,
Compton

*

Brooklyn
14 Novemba

Bovell,

Hapana. Usinifanye mimi mnyororo wa lango na wewe Sukhdeo wa kuuvuta. Ismay hajakukosea kitu. Kuku wake hawajakukosea. Ukiubomoa ukuta huo, ubomoe kwa sababu unazuia maji. Mimi nilikuwa upande wa pili wa mlango, najua Ismay yuko wapi.

Unataka kujua kama nakuja. Miaka yote niliyosema nakuja nilikuwa najua siji. Mwaka huu ni mara ya kwanza sijui. Oslyn ananiona nakunja nguo, analia, anasema ni kosa lake. Kezia mvua ikinyesha ananishika mkono hadi inakatika. Nimehamishiwa chumba cha mpangaji, maana yule kijana ameondoka. Sasa niko ghorofani kweli, natazama mti kweli, na naona vichwa vya watu. Havinisaidii. Nikifumba macho nauona ukumbi wetu na upepo unaingia.

Pipa linakwenda kwa wenye meli wiki hii. Ni lilelile. Vitu nimevifua, vingine vimechuja rangi, na mapazia ya njano yana alama za maji kama ramani. Kabla hawajagonga kifuniko nitakuwa nimeamua. Jibu nitaliweka juu kabisa, kama kawaida.

Panda juu, Compton.

Wavey

*

Kitty, juu
29 Desemba

Wavey mke wangu,

Nimesaini. Ilikuwa siku ya mwisho, na injinia alikuwa ameshavaa kofia yake ya njano aondoke. Alinipulizia wino ukauke.

Dhanraj alikuja na nyundo, pamoja na mafundi walewale walioujenga ukuta. "Afadhali hawa, Anko," akasema, "wanajua walipofanya vibaya, wataanzia hapo." Kabla ya chakula cha mchana uvungu ulikuwa wazi, nikaona mtaro kwa upande wa pili, kitu nilichokuwa nimekisahau. Kitanda wakakipandisha. Likabaki tatizo la mwenye kitanda. Dhanraj akaleta kile kiti cha saluni, maana hana tena pa kukiweka. Wakanikalisha, wakanifunga kile kitambaa cha kunyolea shingoni nisipeperuke na upepo, wakanibeba ngazi zote, watu wanne, mtaa mzima umetoka kutazama.

"Mpunguzeni na pembeni mkifika!" Sukhdeo akapiga kelele kutoka barabarani.

"Kwa bei ya zamani!" akasema Ismay. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Julai.

Kiti kimebaki huku. Kinazunguka. Nikielekea kaskazini naona ukuta wa bahari na mnara wa taa, na sasa hivi nauona kweli. Nikielekea kusini naona kofia, upara na vilemba. Viatu sivioni tena.

Mvua za Desemba zimefika. Pampu tumeahidiwa kabla ya zile za Mei, na kwa kuwa ahadi imeandikwa kwa mwandiko wangu, nitaisimamia. Lakini juzi bahari ilipopwa Sukhdeo aliinua lango, na maji ya kwa Ismay yakaanza kuja. Yalipita uvunguni mwetu, kati ya nguzo, nikayasikia chini yangu yakienda taratibu, kama watu wanaotoka kanisani. Yalipita mchana kutwa. Kuku wameshuka kutoka paani na wanatembea uwanjani kama hawaamini.

Ismay ndiye ananiletea chakula. Krismasi alinipa nyama ya pilipili na mkate wa kusuka, na kipande cha keki nyeusi kilichokunywa ramu kuliko mimi. Nilikula kwenye kiti, nimeelekea mlangoni.

Pipa lilifika siku moja kabla ya Krismasi. Ngazi ziliwashinda waliolileta, wakaliacha uvunguni, kati ya nguzo mbili za mbele, pale ilipokuwa bembea. Dhanraj anasema kifuniko kimebonyea katikati, na alidhani ni wenye meli. Sikumweleza. Alitaka alifungue aniletee vitu kimoja kimoja, kwanza barua. Nikamkataza. Oslyn amepiga simu kwa Ismay mara nyingi. Kila mara namwambia Ismay aseme nimelala, na sasa binti yako anaamini hewa ya huku juu ina usingizi.

Siyo ukaidi, Wavey. Najua Krismasi imepita. Nimezirudia barua zako zote, na hakuna mahali ulipoandika ni Krismasi ipi.

Jibu lako liko pale chini, chini ya kifuniko ulichosimama juu yake. Mimi siwezi kushuka kulifuata, na sitaki mtu mwingine anisomee. Basi likae. Maji yakija yatapita kando yake, nafasi ipo.

Godoro limeanikwa. Madirisha yote yako wazi, na upepo unaingia bila kubisha. Jua la mchana ni kali ukumbini, linanipiga usoni popote ninapozungukia. Lakini mapazia yamo humo kwenye pipa, na ulisema utayatundika mwenyewe.

Mumeo,
Compton